Kuchagua Kichwa cha Mashine ya Kukatia Nyasi

Na mwanafunzi wa Kidato cha Sita

Wazee husema, "Mchagua jembe si mkulima." Nilipokuwa Kidato cha Pili nilipewa methali hiyo niiandikie insha, nikaisifu sana, nikapata alama nzuri. Sasa nina umri wa miaka kumi na tisa, na baada ya likizo moja ya kazi ya mashine naona imenipasa kuirudia insha ile na kuipunguza maneno. Methali hiyo ni kweli kwa mtu mvivu, yule atafutaye jembe jipya kila asubuhi mpaka jua limpate kitandani. Lakini mtu aliyepewa kazi ya kukata nyasi kwa malipo, mashine ikining'inia begani mwake, asipokichagua vema kile kitu kidogo kinachozunguka chini kabisa ya fimbo ya mashine, basi kitu hicho kitamchagulia yeye. Nacho kitamchagulia hasara.

Kitu hicho mafundi hukiita kichwa. Nataka kuwaeleza habari zake ninyi wanafunzi wenzangu, pamoja na kaka zetu waliokwisha maliza masomo hapa. Sisi tuliomo shuleni twalijua zaidi fyekeo la mkono, yaani slasha, na wengine wetu twalijua kwa sababu ya adhabu. Lakini kaka zetu wengine wamenunua mashine wajipatie riziki wakingoja kazi nyingine, na wengine wanasimamia viwanja vya shule, makanisa na zahanati, huajiri vijana kuvikata. Jambo hili lawahusu wote.

JINSI NILIVYOINGIA KATIKA KAZI HII

Mjomba wangu anakaa Jinja, pale Mto Naili unapotoka katika Ziwa Viktoria. Kazi yake ni kukata nyasi katika viwanja vya watu. Sehemu zetu za Uganda zilizo karibu na ziwa hupata mvua kubwa mara mbili kwa mwaka, kuanzia Machi mpaka Mei, na tena kuanzia Septemba mpaka Novemba. Kwa hiyo nyasi hazina likizo. Likizo ya mwezi wa Mei nilikwenda kumsaidia, tukapatana kwamba hatanilipa mkononi, bali ataziweka fedha zangu kidogo kidogo mpaka zitimie karo ya muhula wa pili.

Wiki ya kwanza nilishika reki tu. Wiki ya pili akanipa mashine. Siku moja tulikuwa katika nyumba yenye ukoka mzuri mbele, na nyuma yake nyasi ndefu zilizofika kiunoni. Mjomba akanifungia kisu cha chuma, akaniambia, "Kijana, huku nyuma kata na kisu hiki. Lakini ukifika penye njia ya changarawe, zima mashine, ukitoe, utie kichwa cha uzi."

"Ndiyo, mjomba," nikasema.

Nilipofika penye changarawe zilikuwa zimebaki nyasi za mita kumi hivi. Nikaona uvivu kuinama na kufungua nati kwa ajili ya mita kumi. Nikaendelea na kisu. Kisu kikagonga jiwe, jiwe likaruka, na kioo cha nyuma cha motokaa iliyoegeshwa langoni kikamwagika chote. Hatua tatu kutoka motokaa ile alikuwa amesimama mtoto wa nyumba, msichana mdogo, akitutazama tunavyofanya kazi.

Mtoto hakuumia, Mungu ashukuriwe. Mjomba hakunigombeza. Alimlipa mwenye motokaa jioni ile ile, kisha akaniambia, "Karo yako imo katika kioo kile." Shule ilipofunguliwa mimi nilikuwa bado Jinja nikikata nyasi. Nilirudi darasani karibu mwezi mmoja nyuma ya wenzangu, mitihani ya kwanza ya muhula ikiwa imekwisha fanywa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilivunjika bila kuguswa.

Katika mwezi ule niliapa kwamba nitakijua kichwa cha mashine kama nijuavyo kiganja changu. Kila jioni nilifungua vichwa vya mjomba, vizima na vibovu. Nikasoma vitabu vidogo vinavyokuja pamoja na mashine, ambavyo watu wengi huvifungia vitumbua. Nikamwuliza fundi maswali mpaka akanipa kigoda cha kukalia. Haya ndiyo niliyojifunza.

MASHINE YA UZI ILITOKA WAPI?

Mwaka 1971, katika mji wa Houston, jimbo la Texas huko Marekani, mtu mmoja aitwaye George Ballas alikuwa akitafuta njia ya kukata nyasi karibu na mashina ya miti, mahali ambapo mashine ya magurudumu haifiki. Siku moja alikuwa katika mahali pa kuoshea motokaa, akatazama brashi kubwa zinavyozunguka. Aliona kwamba nywele za brashi, ingawa ni laini, hunyoka zikizungushwa kwa kasi, tena husugua uchafu bila kuikwaruza rangi. Akaenda nyumbani, akachukua mkebe mtupu, akautoboa matundu, akatia vipande vya uzi mgumu, kisha akaufunga mkebe huo kwenye mashine izungukayo. Nyasi zikakatika. Mashine yake aliiita Weed Eater, na mwaka 1977 aliiuza biashara hiyo kwa kampuni ya Emerson Electric.

Basi kichwa cha kwanza kilikuwa mkebe wenye matundu. Vichwa vyote vya uzi tunavyoviona madukani leo ni wajukuu wa mkebe ule.

KWA NINI UZI LAINI HUKATA?

Funga jiwe kwenye kamba, ulizungushe juu ya kichwa chako. Kamba hunyoka kama fimbo, kwa sababu jiwe lataka kwenda zake na kamba yalivuta. Uzi wa nailoni hufanya vivyo hivyo. Ukiwa umelala mkononi ni kitu cha kuchezea. Ukizunguka huwa upanga.

Tufanye hesabu. Tuseme kichwa chazunguka mara 6,000 kwa dakika, yaani mara 100 kwa sekunde. Tuseme pia kutoka katikati ya kichwa mpaka ncha ya uzi ni sentimita 20. Katika mzunguko mmoja ncha hupita njia ya meta 1.26 hivi. Kwa sekunde moja basi hupita meta 126, nayo ni kasi ya kilometa 450 kwa saa na zaidi. Hakuna motokaa katika barabara zetu iendayo hata nusu yake.

Hesabu hiyo yatufundisha mambo mawili. La kwanza, ikatayo ni ncha, wala si tumbo la uzi. Mtu asukumaye kichwa ndani ya nyasi kama alimaye hupoteza uzi na petroli bure. Yafaa kuzigusa nyasi kwa ncha tu, ukienda polepole kutoka upande mmoja mpaka mwingine. La pili, uzi usiwe mrefu kupita kiasi. Hewa nayo huuzuia uzi, na kizuizi hicho hukua upesi mno urefu ukiongezeka. Ukitoka sentimita 16 mpaka 20 kwa mwendo ule ule, mzigo wa kuuzungusha uzi ule katika hewa hupita mara mbili. Ndiyo maana kinga ya mashine ina kijembe kidogo kinachoukata uzi uliozidi. Vijana wengi huiondoa kinga ili wapate upana zaidi. Injini huchoka, huchemka, hatimaye hufa; na mawe yaliyokuwa yakizuiwa na kinga huja miguuni kwao.

AINA ZA VICHWA

1. Kichwa cha vipande. Hiki ni cha rahisi kuliko vyote, tena kwa umbo ndicho kilicho karibu sana na mkebe wa Bwana Ballas. Hakina bobini wala springi. Unakata vipande viwili au vinne vya uzi, unavipenyeza katika matundu yake, basi. Kwa kuwa hakina vitu vingi ndani, hakina mengi ya kuharibika, na chaweza kushika uzi mnene sana. Ubaya wake ni kwamba kipande kikiisha lazima uzime mashine, uiname, utie kingine. Mwenye uwanja mmoja wa nyumbani hataona taabu. Lakini mtu afanyaye kazi ya malipo na apige hesabu. Tuseme anakata saa tano kwa siku, na kila dakika 20 husimama kubadilisha vipande. Hizo ni mara 15. Kila mara akitumia dakika nne, amepoteza saa nzima. Katika saa moja mjomba wangu humaliza uwanja mdogo na kupokea malipo yake.

2. Kichwa cha kugonga. Hiki ndicho utakachokiona zaidi kwa watu wa kazi. Ndani yake mna bobini iliyozungushiwa meta kadhaa za uzi, na chini yake pana kifundo. Uzi ukipungua, hukomi kazi. Wakigonga kifundo chini kidogo mashine ikiwa inazunguka, springi hubonyea, bobini huachia, na uzi hutoka kiasi. Bobini ikiisha ndipo usimame kuijaza. Tukirudi katika hesabu yetu, mwenye kichwa hiki akijaza mara tatu kwa siku, kila mara dakika tano, amepoteza dakika 15 badala ya 60.

Lakini si vichwa vyote vya kugonga vilivyo sawa, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Tazama sehemu tatu. Kwanza tazama matundu ambamo uzi hutokea: je, yamevikwa pete ya chuma, au ni plastiki tupu? Uzi unaozunguka husugua tundu kama msumeno, na plastiki tupu hulika mpaka tundu likawa ufa. Pili tazama kifundo: je, ni kinene, tena chaweza kununuliwa peke yake? Kifundo hugongwa chini mamia ya mara, lazima kitaisha. Ikiwa hakiuzwi peke yake, utanunua kichwa kizima kwa ajili ya kipande kidogo. Tatu, tazama jinsi uzi unavyotiwa. Vingine lazima uvifungue, utoe bobini na springi, na springi ikirukia nyasini umeumaliza mchana wako. Vingine hupenyezwa uzi kutoka tundu moja mpaka la pili bila kufunguliwa, kisha unazungusha kifundo kwa mkono na uzi wajikunja ndani wenyewe. Hivyo vya pili ni ghali kidogo, lakini mtu wa kazi huipata fedha yake tena katika dakika.

3. Kichwa kijilishacho chenyewe. Hiki hutoa uzi bila kugongwa, kwa kufuata mwendo wa kichwa na urefu wa uzi. Ni starehe kwa mtu wa nyumbani asiyependa kugonga. Kwa kazi ya kutwa sikukipenda. Ndani kina vipande vingi vidogo, na vumbi na utomvu wa majani huvigandisha. Tena karibu na kuta uzi huliwa upesi, nacho huendelea kuutoa bila kukuuliza.

4. Kichwa cha visu vya plastiki. Hiki kina visu viwili au vitatu vya plastiki ngumu vinavyoning'inia kwenye vijiti, ili vikigonga kitu virudi nyuma. Hukata vizuri nyasi nyingi zilizosongamana, na hakuna uzi wa kukunja. Ila ukivigongesha ukutani hukatika, na kununua vingine kila mara ni gharama.

5. Kisu cha chuma. Hiki si cha ukoka. Ni cha mabingobingo, yale ambayo Waganda huyaita ebisagazi, na vichaka, na magugu yenye shina gumu. Mahali pake ni shamba lisilo na mawe wala watu. Kisu cha chuma hakirudi nyuma kama uzi. Kikigonga jiwe, jiwe huondoka kwa hasira yote ya injini. Kikigonga kisiki, aghalabu kwa upande wa mbele wa kulia, mashine yenyewe huruka ghafula na kumvuta mwenye kuishika. Wala si kila mashine yaruhusiwa kufungwa kisu hiki. Mashine nyingi ndogo zenye fimbo iliyopinda ni za uzi peke yake. Soma kitabu chake kwanza.

6. Kichwa cha minyororo ya chuma. Hiki nakitaja ili mkikimbie. Kuna watu wafungao vipande vya mnyororo katika kichwa ili vikate kila kitu. Pete ya mnyororo ikikatika huenda kama risasi. Huko Ulaya, baada ya mtu kuuawa hivyo, vichwa vya namna hiyo vilipigwa marufuku kuuzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya mwaka 2012. Mtu akikuuzia kwa bei ya kutupa, mwachie akitupe mwenyewe.

MASWALI MANNE KABLA YA KUTOA FEDHA

Mtu akiingia dukani na kusema, "Nipe kichwa," muuzaji atampa kilicho karibu na mkono wake. Yafaa aingie na majibu ya maswali haya.

Swali la kwanza: Ndani ya nyasi mna nini? Hili ndilo kubwa, nami ndilo nililolisahau. Usitazame nyasi peke yake, tazama kilichofichwa ndani yake na kilicho kando yake. Pana changarawe, vioo, kuta, makaburi, waya, watoto? Basi tumia uzi. Ni shamba tupu la magugu magumu? Basi kisu. Uwanja mmoja waweza kuhitaji vyote viwili, kama ule uliokula karo yangu. Na kwa vyovyote vile, hata kwa uzi, watu wakae mbali meta 15 na zaidi, nawe uvae miwani ya kinga, viatu vya kufunika mguu na suruali ndefu. Uzi pia hurusha mawe, ingawa kwa nguvu kidogo kuliko chuma.

Swali la pili: Mashine yangu ina nguvu gani? Nguvu ya injini hutajwa kwa ukubwa wake katika sentimita za ujazo. Mashine ndogo ya 25 hivi yatosha uzi wa milimita 2.0 mpaka 2.4. Mashine kubwa za 40 mpaka 50, zile za kufungwa kwa mikanda ya mabega, huweza uzi wa milimita 2.7 mpaka 3.0. Kichwa kikubwa chenye uzi mnene katika mashine ndogo ni mzigo wa punda juu ya mbuzi: injini haifiki mwendo wake, uzi hauna kasi, na nyasi huchanika badala ya kukatika. Nyasi zilizochanika huwa nyeupe nchani siku ya pili, na mwenye nyumba huona.

Swali la tatu: Nati yake ni ya kipimo gani? Vichwa havifungiki kila mashine. Kipimo kionekanacho sana katika mashine za kazi ni milimita 10, na mikato yake imeachana milimita 1.25, lakini ziko pia za 8 na 12. Tena nati hii katika mashine nyingi ni ya mkono wa kushoto: hufunguliwa kwa kuizungusha kama mshale wa saa uendavyo, kinyume cha nati tulizozizoea. Imefanywa hivyo ili mzunguko wa mashine uzidi kuikaza, usiilegeze. Niliona kijana akiikaza kwa nguvu zake zote nusu saa nzima huku akidhani anaifungua. Kabla ya kufungua, tafuta tundu dogo karibu na boksi la gia, upenyeze msumari au bisibisi nyembamba ili shafti isizunguke. Ukienda dukani, kichukue kichwa cha zamani mkononi. Kuuliza si ujinga, na kulinganisha si aibu.

Swali la nne: Vipuri vyake viko wapi? Kichwa kizuri kisicho na bobini wala kifundo cha kununua katika mji wako ni kizuri kwa muda wa miezi michache tu. Mjomba huuliza bei ya kifundo kwanza, ndipo aulize bei ya kichwa.

UZI WENYEWE

Kichwa ni nyumba, uzi ndiye mkaaji. Uzi wa mviringo hudumu sana. Uzi wa pembe nne au wa nyota hukata kwa ukali zaidi kwa sababu ya kingo zake, lakini kingo hizo huisha upesi ukisugua kuta. Kwa ukoka wa nyumba, wenye kuta na njia, sisi tulitumia wa mviringo.

Mara nyingi uzi hukwama ndani, ukagonga na kugonga usitoke. Ukifungua wakuta umeyeyuka na kushikamana. Sababu aghalabu ni joto na mtikisiko: umekunjwa ovyo, nyuzi zimepandana, nazo husuguana. Dawa yake ni kuukunja kwa kuukaza, mstari kando ya mstari, kwa kufuata mshale uliochorwa kwenye bobini. Usijaze bobini mpaka ukingoni.

Tena nailoni hunywa maji. Uzi uliokaa dukani juani miezi mingi hukauka na kukatika kama tambi mbichi. Uloweke majini usiku mzima kabla ya kuutumia, nao hurudia ulaini wake. Jambo hili nililifanya kwa mashaka, kwa kuwa lilinielekea kama uganga. Lakini mwalimu wetu wa kemia amenieleza kwamba nailoni hupokea maji kweli, na maji hayo huilainisha.

Vipande virefu vilivyokatika viokote. Havinyeshewi vikaoza, na mbuzi hawajui tofauti yake na jani.

ONYO JUU YA MITI

Bwana Ballas alitaka kukata nyasi karibu na miti bila kuiumiza, lakini uzi wa leo una nguvu nyingi. Mti mchanga una ganda jembamba, na ndani ya ganda hilo ndimo kinamopita chakula kitokacho majanini kwenda mizizini. Uzi ukilichubua ganda mzingo mzima wa shina, mizizi hukosa chakula, na baada ya muda mti hufa, nawe umekwisha sahau siku uliyoupitia. Kwa hiyo karibu na mche wa mwembe au mparachichi weka mashine chini, ung'oe nyasi kwa mkono au utumie fyekeo. Sifa ya mkata nyasi ni kile alichokiacha kimesimama.

MWISHO WA SOMO

Mkiniuliza kichwa bora ni kipi, nitajibu kwamba mtu wa kazi anahitaji viwili. Kimoja ni cha kugonga, chenye matundu ya pete za chuma na kifundo cha kubadilishwa, kwa ukoka na nyumba za watu. Cha pili ni kisu cha chuma kilichokubaliwa na waliotengeneza mashine ile, kwa mashamba matupu. Na pamoja na hivyo awe na kitu cha tatu kisichouzwa dukani, yaani moyo wa kusimama na kubadilisha.

Likizo iliyofuata nilirudi Jinja. Mjomba alikuwa bado anaitwa katika nyumba ile ile, na motokaa ilikuwa na kioo kipya. Nilianza nyuma na kisu, nikafika penye changarawe. Nikazima mashine. Nikapenyeza bisibisi katika tundu, nikafungua nati, nikatoa kisu, nikafunga kichwa cha uzi na kinga yake. Nikamwomba yule msichana mdogo aingie ndani kwa mama yake, naye akanitazamia dirishani. Kisha nikatazama saa yangu ya mkono.

Zilikuwa zimepita dakika nne. Nilikuwa nimepoteza karibu mwezi mmoja wa shule kwa kuzionea choyo dakika nne. Basi mchagua jembe huenda si mkulima. Lakini mkata nyasi asiyechagua kichwa, ndugu zangu, na aanze kuweka akiba ya vioo.